Sura ya Tisa: Barua Iliyofutwa Jina

Koplo alikuwa ameisoma ile barua mara kumi na moja, na bado macho yake hayakutaka kubanduka. Ukurasa mmoja, mistari tisa, imechapwa kwa kompyuta. Chini, mahali pa jina na sahihi, mtu alikuwa amepitisha kalamu nene nyeusi kwa nguvu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

"Ukiendelea kuikodolea hivyo itaota meno ikung'ate," Wakili alimwambia.

Wakili alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti kavu. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la kukata vioo, na kila dakika chache msumeno wa chini ulikuwa unalia na kuwakatiza maneno. Koplo alikuwa ameacha upolisi miaka sita nyuma, lakini cheo kilimganda kama jina la kuzaliwa, na sasa aliwafanyia upelelezi mawakili wasio na uwezo wa kumlipa mtu mwenye cheo kikubwa zaidi.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Kesi ingesikilizwa Jumatatu.

Mteja wao aliitwa Mama Boila na kila mtu, hata na mumewe alipokuwa hai. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameendesha boila, mtambo wa mvuke wa kiwanda cha nguo, mwanamke peke yake katika idara nzima ya mitambo. Miezi minane iliyopita maji yalipungua ndani ya boila mchana kweupe, mtambo ukajizima, idara ya rangi ikasimama kwa saa nne, na majora themanini ya kitambaa yakatoka na madoa. Kesho yake meneja akaletewa hii barua, ambayo kiwanda kiliitoa mahakamani jina likiwa limeshafutwa. Siku tatu baadaye Mama Boila akapewa barua yake mwenyewe: amefukuzwa kazi kwa kuacha kituo chake kwa nusu saa. Yeye alisema alitoka dakika mbili tu kupokea simu, na kwamba pampu ya maji ilikuwa mbovu. Hakuna aliyemsikiliza. Nafasi yake alipewa mwanamume. Akaja kwa Wakili, wakafungua kesi ya ubaguzi.

"Nieleze tena," Koplo alisema. "Taratibu, kama unamweleza mtu mzito wa kichwa."

"Sisi tumeshasema ya kwetu. Ni mwanamke, kazi aliijua, kafukuzwa, kawekwa mwanamume. Wao wamejibu: tulimfukuza kwa sababu aliacha boila. Sasa mpira uko kwetu. Lazima tuonyeshe kwamba sababu hiyo ni kisingizio, nguo tu waliyoivisha chuki yao."

"Pampu ilikuwa mbovu kweli. Waliibadilisha wiki mbili baadaye. Hati ninayo."

"Jaji hataniuliza kama pampu ilikuwa mbovu. Ataniuliza kama meneja, siku anatia sahihi, aliamini alichokiandika. Mtu anaweza kukosea kabisa, akamfukuza asiye na hatia, na mahakama ikasema amekosea, lakini hakubagua. Kosa si kisingizio. Uongo ndio kisingizio."

Koplo alikuna kidevu. "Kwa hiyo tunatafuta mwongo."

"Mwongo mwenye chuki na mwenye madaraka. Jenerali."

Jenerali alikuwa msimamizi wa mitambo, mtu mfupi aliyetembea kama anakagua gwaride. Watu watatu walikuwa wamekula kiapo kwamba walimsikia akisema boila si jiko, wanawake wakae mbali nayo.

"Kama Jenerali ndiye aliyeandika," Wakili aliendelea, "basi chuki yake ndiyo iliyotembea ikautumia mkono wa meneja, na kampuni italibeba hilo mabegani. Kama ni mfanyakazi wa kawaida, na meneja akamwamini kwa moyo mweupe..." Hakumalizia. Msumeno wa chini ulimalizia kwa niaba yake.

"Na zile sababu mbili?" Koplo aliuliza.

Hilo lilikuwa tumaini lao la pili. Barua ya Mama Boila ilisema aliacha kituo. Fomu ambayo kiwanda kilipeleka serikalini ilisema amepunguzwa kwa sababu kazi zimepungua. Mtu anayebadilisha sababu huwa anaficha ya tatu.

"Anza na hiyo," Wakili alisema. "Amri ya mahakama inakupa saa tatu mpaka saa sita kukagua kumbukumbu na eneo la tukio. Saa sita na dakika moja watakutoa kwa mabavu."

* * *

Karani wa masjala ya kiwanda alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliitazama fomu ambayo Koplo aliiweka mbele yake, akacheka kidogo puani.

"Hii niliijaza mimi."

"Nani alikuambia uandike kapunguzwa?"

"Hakuna. Njoo huku uone." Aliigeuza kompyuta yake. "Hapa panataka sababu. Nikibonyeza, zinashuka tano: kustaafu, kufariki, kuacha mwenyewe, mkataba kwisha, kupunguzwa. Wewe umeona kuacha kituo hapo?"

Koplo aliinama akazisoma zote tano.

"Sijaona."

"Na bila kuchagua, mashine haikuruhusu kwenda mbele. Kwa hiyo wote wanaofukuzwa mimi nawapunguza. Mwaka jana yule mlinzi aliyekutwa amelewa getini, nilimpunguza. Dereva aliyegonga ukuta, nikampunguza." Alivuta kabati la chuma, akamtolea faili moja baada ya jingine. Walikuwa tisa, wanaume saba na wanawake wawili. Wote wamepunguzwa.

Koplo alinakili tarehe zote tisa kwa uaminifu, huku akijua kwamba anachimba kaburi la hoja yao wenyewe. Alipomaliza, karani alimsogezea kiti na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mwambie Mama Boila namsalimu. Hapa hatuna raha tangu aondoke. Lakini, baba, mimi siwezi kusema uongo."

"Sijakuomba, mama."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia."

* * *

Jenerali alimpokea mlangoni pa chumba cha boila, mikono nyuma.

"Umekuja kunikamata?"

"Siku hizi sikamati mtu."

"Pole sana." Jenerali alifungua mlango. Joto lilimpiga Koplo usoni kama pazia lililoloa. Boila ilijaza chumba, nyeusi, ikinguruma kwa chini. Mwanamume mmoja aliyekuwa akitazama geji ya maji hakugeuka.

Koplo alitaka kwanza kuona meza ya Jenerali. Ilikuwa upande wa mbele wa jengo, na mbele yake palikuwa na tangi kubwa la maji. Koplo alikaa kwenye kiti, akasimama, akajinyoosha kwa vidole vya miguu. Mlango mdogo wa nyuma, ambao barua ilisema Mama Boila alitokea, haukuonekana kwa namna yoyote.

"Hili tangi liliwekwa lini?"

"Miaka minne sasa."

"Siku ya tukio ulikuwa umesimama wapi, saa saba na dakika kumi mchana?"

Jenerali alitabasamu, na kwenye tabasamu palikuwa na pengo. "Nilikuwa nimelala kwenye kiti cha daktari, nang'olewa gego. Nilitoka hapa saa tano, nikarudi kesho yake shavu kama embe. Karatasi ya hospitali ipo, na kitabu cha getini kipo. Andika."

Koplo aliandika.

"Nikuambie kitu," Jenerali alisema, na kwa mara ya kwanza mikono yake ikatoka nyuma. "Mimi sikumtaka yule mama hapa. Nilisema, na nitasema hata mbele ya jaji, boila si mahali pa mwanamke. Meneja ndiye aliyemkabidhi funguo mimi nikipinga, na meneja huyo huyo ndiye aliyemfukuza bila hata kuniuliza. Sasa nyinyi mnataka kunivisha mimi kosa ambalo sikupata hata nafasi ya kulifanya?"

Koplo alimtazama. Miaka thelathini ya kuhoji watu ilikuwa imemfundisha harufu ya uongo, na hapa haikuwepo. Mbele yake alisimama mtu mwenye chuki yote waliyoihitaji, na mikono misafi.

Alitoka kwa mlango wa nyuma, Jenerali akimfuata. Palikuwa na kichochoro chembamba kati ya ukuta wa boila na jengo la jirani, na bomba la mvuke lenye kutu. Alitoa nakala ya barua akaisoma mara ya kumi na mbili, sasa kwa sauti. *Alitoka kwa mlango mdogo wa nyuma saa saba na dakika kumi. Alivua glavu kwa meno kwa sababu mkono wa pili ulikuwa na simu. Utosi wa kilemba chake ulikuwa na majivu. Alikaa nje nusu saa.*

Utosi wa kilemba.

Mama Boila alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi. Koplo mwenyewe, akisimama naye, alikuwa anaongea na kidevu chake. Ni nani angeuona utosi wake? Aliinua kichwa. Juu, ghorofa ya kwanza ya jengo la jirani, palikuwa na madirisha sita yaliyopangwa kwenye mstari.

"Kule juu ni nini?"

"Chumba cha ukaguzi wa vitambaa," Jenerali alisema. "Wanawake watupu. Mimi sikanyagi."

Koplo alipanda. Chumba kilikuwa kirefu, chenye mwanga mkali, na kila dirisha lilikuwa na meza iliyoinama ambayo kitambaa kilipita juu yake. Wakaguzi walikuwa wameshuka kwa mapumziko. Alianza dirisha la kwanza: bomba lilimziba. La pili: aliona nusu ya mlango. La tatu: mlango wote, kichochoro chote, na Jenerali amesimama chini na upara wake unang'aa. La nne na kuendelea, ukuta ulikula kila kitu.

Kwenye meza ya tatu palikuwa na muhuri wa mpira wenye namba kumi na saba. Kila mkaguzi alikuwa na namba yake, na kila jora lililopita mikononi mwake lilipigwa namba hiyo na tarehe. Koplo alilitafuta rafuni daftari la siku ya tukio. Meza ya tatu, saa saba mpaka saa nane mchana: kumi na saba.

Alishuka ngazi polepole. "Namba kumi na saba ni nani?"

Jenerali alikunja uso, akitafuta. Kisha uso ukamlegea. "Kumi na saba? Huyo si wifi yake? Dada wa marehemu mumewe?"

* * *

Alimngoja nje ya geti mpaka zamu ilipotoka saa kumi. Wifi mtu alitoka peke yake, mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vya raba, na alipomwona Koplo hakugeuza njia. Alimjia moja kwa moja.

"Nilisikia umekaa kwenye meza yangu," alisema. "Nikajua yamekwisha."

Walikwenda kukaa kwenye ukuta mfupi kando ya kibanda cha fundi viatu. Koplo alifungua kijitabu.

"Nani alikutuma uandike? Jenerali?"

Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kutamani jibu la ndiyo kama wakati ule.

"Hakuna aliyenituma."

"Alikuahidi kitu? Alikutisha?"

"Baba, Jenerali hata jina langu halijui. Niliandika mwenyewe. Nikachapisha pale dukani pa vitabu, nikampelekea meneja mkononi. Aliisoma, akaniuliza swali moja tu. Huyu si wifi yako? Nikasema ndiye. Akashusha pumzi, akasema, basi kama unasema wewe sina cha kubisha, nani atamsingizia mtu wa nyumbani kwake?"

Kalamu ya Koplo ilisimama. Kama wangemwita meneja na kumuuliza kwa nini aliamini, hilo ndilo angejibu, na kila mtu mahakamani angetikisa kichwa kukubali.

"Kwa nini?" aliuliza.

Mwanamke alikuwa akisugua kidole gumba ambacho wino wa muhuri ulikuwa umekizoea.

"Kaka yangu alipigwa na kiharusi. Upande mzima ukafa, na ulimi ukafa. Alikuwa anashinda ndani peke yake, jirani anamchungulia akikumbuka. Nikamwambia wifi, acha kazi umuuguze mumeo. Akasema kazi ndiyo inayoleta dawa. Nikamwambia tena. Nikamwambia mbele ya watu. Mara ya mwisho akanigeukia, akasema: mbona wewe huachi? Ni kaka yako."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, mke ni wewe."

Fundi viatu aligonga msumari mara tatu, akanyamaza.

"Siku ile alitoka kupokea simu ya nani?"

"Ya kaka. Alikuwa hawezi kusema. Alikuwa anabonyeza kwa kidole kimoja kilichobaki, halafu anapumua tu kwenye simu, na wifi anamsikiliza. Nilimwona pale chini anaitikia kwa kichwa, kama vile kuna mtu anamwambia kitu. Dakika mbili. Akavaa glavu, akarudi ndani."

"Ukaandika nusu saa."

"Nikaandika nusu saa. Nilijua boila imezima, nilijua wanatafuta mtu. Nikasema watampa onyo atachoka, atarudi nyumbani." Akatikisa kichwa. "Alirudi. Alimuuguza kaka miezi mitatu kwa mikono yake, akafia mapajani mwake. Nilipata nilichokitaka, kila kitu."

Koplo alikunja kijitabu.

"Nipe mpaka jioni," mwanamke alisema. "Nimwambie mwenyewe. Asilisikie kwa mtu wa nje."

Akampa.

* * *

Wakili alisikiliza simuni bila kumkatiza. Kisha msumeno ukalia.

"Umemsafisha," alisema hatimaye. "Hakuacha boila, na sasa tuna shahidi. Na umeiua kesi. Mwenye chuki hakufanya, aliyefanya hana chuki, na aliyedanganya ni wifi mtu ambaye kampuni haikumtuma."

"Lakini amefukuzwa kwa sababu ni mwanamke. Huyo wifi alimtaka nyumbani kwa sababu ni mwanamke."

"Naam. Ila sheria inamshitaki mwajiri, Koplo, haishitaki ukoo."

"Basi tudai alifukuzwa kwa uonevu. Tuache ubaguzi."

"Hilo lilikuwa na siku zake thelathini za kufungua kesi. Sasa ni miezi minane." Alikohoa. "Mteja lazima ajue yote kabla ya Jumatatu. Kama huendi wewe nitakwenda mimi."

Koplo alikwenda. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mapaa, na taa ya ndani ilikuwa imeshawashwa. Alipobisha hodi, Mama Boila mwenyewe alifungua, akiinama kidogo kama kawaida yake ili asigonge fremu ya mlango.

"Karibu, kaka! Ingia. Nilikuwa namwambia wifi, huyu Koplo leo haji bure."

Wifi alikuwa amekaa kwenye mkeka, ungo mapajani, anachambua mchele. Hakuinua macho. Mbele yake palikuwa na nafasi ya pili iliyoachwa wazi, na ungo wa Mama Boila ukimngoja. Walikuwa wanachambua pamoja, na kwa namna mama huyu alivyokuwa anatabasamu, Koplo alijua kwamba bado hajaambiwa kitu.

"Ni Jenerali, siyo?" Mama Boila alisema, akikaa chini. "Sema tu."

"Dada, ningependa tuongee pembeni."

"Pembeni ya nini? Huyu ni wifi yangu. Alikesha na mimi msibani mpaka watu wote wakaondoka. Sema hapa hapa."

Koplo alimtazama yule mwingine. Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya mchele. Saa ya ukutani ilihesabu, na kila hesabu ilikuwa nafasi, na nafasi zikapita.

"Si Jenerali," Koplo alisema. "Siku hiyo hakuwepo. Barua iliandikwa na mtu aliyekuwa juu, kwenye chumba cha ukaguzi. Kwenye..."

"Ni mimi," wifi alisema.

Mama Boila alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesikia vibaya. Kisha akageuka akamtazama, na kicheko kikamkaukia mdomoni. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ile ile ambayo labda aliitumia kusoma geji.

"Uliandika dakika ngapi?"

"Nusu saa."

"Nilikaa mbili."

"Najua. Nilikuona."

"Uliniona naongea na nani?"

Wifi alianza kulia bila sauti, machozi yakidondokea kwenye ungo. "Nilijua ni yeye, wifi. Nilijua."

Mama Boila aliuchukua ule ungo mapajani mwa mwenzake, taratibu, kama anavyochukuliwa kitu mtu aliyesinzia, akauweka kando. Kisha akamgeukia Koplo.

"Nikienda Jumatatu nitashinda?"

"Hapana, dada."

"Huyu akija aseme ukweli wote?"

"Watasema meneja alidanganywa. Watakupa pole."

"Pole." Alilitamka neno kama anapima uzito wake. "Jenerali ningemchukia mpaka nife, kaka. Miezi minane nimekuwa naamka nikimchukia, na ilikuwa inanisimamisha. Sasa hata hilo mmeninyang'anya." Akamgeukia mwenzake. "Wifi, toka."

"Wifi yangu, nisikilize..."

"Toka nje kwanza."

Mwanamke alisimama, akatafuta viatu vyake vya raba, mguu ukavikosa mara mbili, akatoka. Mlango ukabaki nusu wazi.

"Mwambie Wakili asifute kitu," Mama Boila alisema. "Nitakuja Jumatatu, nitakaa mbele. Nataka wanishinde nikiwa nawatazama."

"Nitamwambia."

Mama alikuwa ameshampa Koplo mgongo, mrefu, ameinama kukusanya nyungo. Alitoka. Wifi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, magoti kifuani, na ilibidi Koplo apite kwa upande ili asimkanyage.

"Anasemaje?" alinong'ona.

Kabla Koplo hajajibu, mlango ulivutwa nyuma yao, na komeo likaingia mahali pake.